Chotara wa pudo kwa familia ya Kigoma na Tabora: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Chotara wa pudo ni mbwa gani hasa?

Ni mbwa ambaye mzazi wake mmoja ni pudo, yule mwenye manyoya ya kujikunja yasiyoacha kukua, na mzazi wa pili ni wa mbegu nyingine. Pudo akipandishwa na labrado, watoto huitwa labradudo. Akipandishwa na goldeni ritriva ni goldendudo, na koka spanieli ni kokapuu, na kavalia ni kavapuu, na maltizi ni maltipuu. Hayo ni majina ya sokoni. Vyama vikubwa vya mbegu za mbwa duniani haviwatambui kama mbegu kamili, kwa hiyo jina peke yake halikuhakikishii ukubwa, manyoya wala tabia.

Pudo mwenyewe wengi humdhania mbwa wa urembo kwa sababu ya ule unyoaji wa maonyesho. Kumbe ni mbwa wa kazi: wawindaji wa Ulaya walimtumia kuingia majini kuokota bata waliopigwa risasi. Wajerumani wanasema ni wao, Wafaransa nao wanamdai. Yuko mkubwa anayefika sentimita 60 mabegani, na yuko mdogo kabisa asiyezidi 28. Ndiyo maana mtu akikuambia "huyu ni chotara wa pudo", swali la kwanza ni pudo wa ukubwa gani.

Nimeambiwa hamletei mtu aleji. Mwanangu ana pumu. Ni kweli?

Hili ndilo swali linaloniletea watu wengi zaidi, na jibu lake halipendwi.

Habari hii ilianzia Australia mwishoni mwa miaka ya 1980. Wally Conron, aliyekuwa akisimamia uzalishaji katika chama cha mbwa waongoza vipofu, alipata ombi la mwanamke asiyeona aliyeishi Hawaii. Mumewe alikuwa na aleji ya mbwa. Conron akajaribu pudo wakubwa wa mbegu safi, hakupata aliyefaa kwa kazi ile. Mwisho akampandisha labrado na pudo, wakazaliwa watoto watatu. Sampuli za manyoya na mate zikatumwa Hawaii, na kati ya watoto wale watatu ni mmoja tu, Sultan, ambaye hakumsumbua yule mume. Wengine wawili walikuwa ndugu zake wa tumbo moja na walimsumbua vilevile.

Hapo ndipo wauzaji wanaporuka. Wanasimulia habari ya Sultan, hao ndugu zake hawatajwi. Conron mwenyewe baadaye alisema hadharani kwamba anajutia kuanzisha mtindo ule, kwa jinsi watu walivyokimbilia kuzalisha bila kujali afya ya mbwa.

Kinacholeta aleji si unywele. Ni protini zilizomo kwenye mate, mkojo na mba wa ngozi, na kila mbwa anazo. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walipima protini kuu ya aleji ya mbwa, wakakuta mbegu zinazosifiwa kuwa hazileti aleji hazina kiwango cha chini kuliko nyingine. Ni kweli kwamba mbwa asiyepukutisha haachi manyoya kwenye mikeka na makochi, na usafi wa nyumba unakuwa mwepesi. Lakini kama mtoto anatumia dawa ya kuvuta kila siku, mpeleke kwanza kwa daktari wake, kisha akakae na mbwa huyohuyo mnayetaka kumchukua, si wa jirani, kwa saa kadhaa na kwa siku tofauti. Akianza kukohoa, mwacheni mbwa.

Basi angalau manyoya hayapukutiki?

Inategemea alichorithi. Mwaka 2009 wanasayansi walionyesha kwamba aina nyingi za manyoya ya mbwa zinatokana na jeni tatu tu: moja ya ndevu na nyusi ndefu, moja ya urefu, moja ya kujikunja. Mtoto anaweza kuchukua za pudo, za labrado, au mchanganyiko. Katika uzao mmoja utamwona mmoja amejikunja kama mama, mwingine amenyooka na anapukutika kila mahali.

Muuzaji anasema "F1" na "F1b". Ananitukana?

Hapana. F1 ni mtoto wa pudo safi na mbegu nyingine safi, nusu kwa nusu. F1b ni mtoto wa F1 aliyepandishwa tena na pudo, kwa hiyo ana robo tatu za pudo, na kwa kawaida manyoya yake hujikunja zaidi na kupukutika kidogo. F2 ni watoto wa F1 na F1. Hao ndio wasiotabirika kabisa.

Nani atamnyoa? Huku kwetu hakuna saluni ya mbwa.

Utamnyoa wewe. Naomba mfikirie jambo hili kabla ya rangi, kabla ya jina, kabla ya yote, maana hapa ndipo familia nyingi hushindwa.

Manyoya yasiyopukutika hayaendi popote. Yale yaliyokufa yanabaki yamenasa kwenye yaliyo hai, na baada ya wiki moja bila chanuo yanajisokota dredi. Dredi ikikaza inavuta ngozi, inashika unyevu, ngozi chini yake inaoza taratibu, na mbwa anaanza kung'ata mkono wa kila anayemgusa. Familia husema "amekuwa mkali", kumbe anaumwa. Kipindi kibaya zaidi ni kati ya miezi 6 na 12, manyoya ya utoto yanapobadilika kuwa ya ukubwani. Hapo hata siku mbili zinatosha kumharibu.

Vifaa ni vichache: brashi ya waya laini, chanuo la chuma, mkasi wenye ncha butu na mashine ya kunyolea. Mchane kila siku, dakika kumi au kumi na tano, ukianzia kwenye shina la unywele na si juu juu. Brashi inaweza kupita juu kwa ulaini na chini kukawa kumeshikana kabisa, hivyo maliza na chanuo: likipita hadi ngozi bila kukwama, umemaliza. Chana kabla ya kuogesha, kwa sababu maji hukaza dredi. Kila wiki sita hadi nane mnyoe mwili mzima, na kwa hali ya hewa yetu usione haya kumpunguza hadi sentimita moja au mbili. Hatafanana na wale wa kwenye simu lakini atakuwa na raha. Usimnyoe kipara, jua la Tabora la Septemba na Oktoba litamuunguza ngozi.

Masikio yana kazi yake. Yananing'inia, ndani yana nywele, hewa haipiti. Msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, yakaushe kila anaponyeshewa. Ukisikia harufu ya kuchacha au ukimwona anatikisa kichwa na kujikuna sikio moja, mpeleke kwa mtaalamu wa mifugo. Usimwagie mafuta wala spiriti.

Mzoeshe tangu akiwa mdogo. Mtoto wa miezi miwili ashikwe miguu, aguswe masikio, asikie mashine ikinguruma huku anakula. Ukisubiri afike mwaka na kilo 25, mtamshika watu watatu.

Kwa nyumba yetu tuchukue yupi?

Labradudo na goldendudo wa pudo mkubwa hufika kilo 25 hadi 30. Wanataka uwanja, matembezi asubuhi na jioni, na mtu wa kuwafundisha. Kwa wanaoishi vyumba viwili kwenye nyumba ya wapangaji Mwanga au Gungu, simshauri mtu. Labrado tena ana ulafi wa kuzaliwa. Karibu robo yao wana kasoro ya jeni inayowafanya wasijue kushiba, na baadhi ya machotara wanairithi.

Kokapuu ndiye ninayempenda kwa familia yenye watoto wa shule: mdogo wa kubebeka, mchangamfu, si legelege. Kavapuu ni mpole kuliko wote, ila upande wa kavalia una ugonjwa wa vali ya moyo ambao ndio unaoua wengi wa mbegu hiyo. Muulize muuzaji kama mzazi huyo amepimwa moyo. Maltipuu ni mdogo mno. Mtoto wa miaka mitatu akimwangusha kutoka kitandani anaweza kumvunja mguu.

Chotara si ana afya kuliko mbegu safi?

Si lazima. Mwaka 2024 watafiti wa Royal Veterinary College ya Uingereza waliwalinganisha kokapuu, labradudo na kavapuu na mbegu walizotokana nazo, kwa magonjwa ya kawaida 57. Kwa sehemu kubwa hawakukuta tofauti. Pudo na labrado wote wana historia ya nyonga mbovu na ya ugonjwa wa macho unaopofusha polepole, na ukiwachanganya wawili wenye tatizo moja, mtoto yuko hatarini kulirithi. Pudo wadogo wana shida ya kifuniko cha goti kuchomoka. Kwa hiyo usiulize "ni chotara?". Uliza "wazazi wamepimwa nini?", na uione karatasi.

Joto letu atalivumilia?

Atavumilia akipewa kivuli, maji na akili ya mwenye mbwa. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi, anajipoza kwa kuhema. Matembezi yawe kabla ya saa mbili asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Bati la banda lililo juani ni tanuri, afadhali chini ya mwembe. Akianza kuhema kwa nguvu, mate yakawa mazito, akayumba, mwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, mkimbizeni kwa daktari wa mifugo.

Chini ya mwembe napo pana adui. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye mchanga wa kivulini wenye harufu ya mkojo. Mabuu huingia kwenye ngozi ya mbwa na kuota kama majipu. Kwa mbwa wa kienyeji utayaona mara moja. Kwa huyu yamefichwa na manyoya. Fagia analolala, anika matandiko juani.

Kupe na mbung'o je?

Kupe wa mbwa huleta homa zinazokausha damu. Dalili ni kukataa chakula, ufizi mweupe, mkojo mwekundu au wa kahawia, au damu puani. Hapo msingoje kesho. Mpapase kila jioni kwa vidole: ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole, chini ya mkia. Manyoya haya yanaficha kupe hadi anavimba kama zabibu.

Dawa ya kuogesha ng'ombe si ya kukisia kwa mbwa. Kadhalika ivamekitini ya ng'ombe na mbuzi: baadhi ya mbwa, hasa wenye damu ya koli na shepadi wa Australia, ambao nao wana machotara wao wa pudo, dozi ya aina hiyo inawaua. Nunua iliyoandikwa mbwa, mpime uzito kwanza.

Mbung'o, ambao wengine Tabora huwaita ndorobo, wapo kwenye mapori ya miombo ya Urambo, Kaliua na Uvinza. Mbwa ni dhaifu sana kwa nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Macho yakianza kuwa na ukungu mweupe huku ana homa na anakonda, mwambie bwana mifugo wazi kwamba mbwa alikuwa porini. Wa kufuatana na warina asali si huyu.

Chanjo zipi, na lini?

Ya pavo, distempa na magonjwa mengine ya virusi ya mbwa huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, ikarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 hadi afike wiki 16. Ya kichaa cha mbwa ni akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka. Virusi vya pavo hukaa kwenye udongo zaidi ya mwaka, kwa hiyo kama hapo nyumbani alikufa mtoto wa mbwa kwa kuharisha damu, usilete mwingine asiyechanjwa.

Mtu akiumwa na mbwa yeyote, hata wenu, oshea jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Pilipili, jivu na mafuta havina kazi hapo.

Anakula nini? Chakula cha kopo kinatushinda.

Hadi amalize kukua, jitahidini kupata chakula cha watoto wa mbwa, hasa kama ni wa mbegu kubwa. Akishakua, ugali wa dona na dagaa unafaa sana, na watu wa Kigoma mna bahati: dagaa wa Kibirizi au Katonga, wakioshwa mchanga na kuchemshwa bila chumvi, wana protini na kalsiamu ya mifupa yao. Ongeza mboga kidogo, ini mara moja moja. Vitunguu, chokoleti na zabibu ni sumu kwake. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande na kutoboa utumbo. Mchuzi wa mawese uliobaki msimwagie. Mafuta mengi humwumiza kongosho.

Kosa kubwa ni mahindi yaliyovunda. Watu wanasema "haya ni ya mbwa". Sumukuvu inaua ini la mbwa haraka, na pumba za unga huo ni hatari vilevile. Mahindi yasiyofaa kuliwa na mtu hayafai kuliwa na mbwa.

Atatulinda usiku?

Atabweka. Mwizi akimjua tabia, atamchezea. Wanaotaka mlinzi watafute mbwa mwingine.

Na ule utaratibu wetu wa kumfungia mbwa bandani mchana kutwa na kumfungulia saa nne usiku, kwa huyu ni ukatili. Pudo ni miongoni mwa mbwa wepesi zaidi kufundishika, na akili hiyo isipopewa kazi inageuka kelele, kuchimba na kutafuna viatu. Anataka kukaa mlipo nyinyi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 pia inamtaka mwenye mnyama asimtese kwa kumfungia au kumnyima mahitaji yake.

Sisi ni Waislamu. Tunaweza kumfuga?

Hukumu waulizeni masheikh wenu. Mimi naweza kusema upande wa mbwa. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi Ujiji na Tabora mjini, mate ya mbwa ni najisi na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Chotara wa pudo ni mbwa wa kulamba, kupanda makochi na kulala mlangoni pa chumba. Ukimweka uani daima ili nyumba ibaki tohara, atanyong'onyea. Nyumba ya namna hiyo yenye haja ya mlinzi au ya kulinda mifugo, mbwa wa kienyeji wa uani anaifaa zaidi. Na kwa wapangaji: waulizeni wenzenu wa uani kabla ya kuleta mbwa.

Naweza kwenda naye ziwani kuogelea?

Damu yake ni ya majini, atapenda. Lakini Ziwa Tanganyika lina mamba, basi chagua mahali ambapo wavuvi wenyewe wanaoga bila wasiwasi, na akitoka masikio yakaushwe.

Tena kuogelea kuna mwisho. David Livingstone, kabla hajafika Ujiji mwaka 1869, alikuwa na pudo mdogo aitwaye Chitane. Januari 1867, kusini huko katika Zambia ya leo, msafara ulivuka bwawa lililofurika, kila mtu akiangalia mguu wake. Mbwa aliogelea akiwafuata hadi akaishiwa nguvu, akazama, hakuna aliyemwona. Watu wakienda makumbusho ya Ujiji hukumbuka salamu za Stanley, mimi humkumbuka yule mbwa. Mkivuka mahali penye kina, mbebeni.

Gombe je?

Hapana. Mbwa wa nyumbani haruhusiwi hifadhini, na sababu inaeleweka: mwaka 1994 distempa, ugonjwa wa mbwa, iliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Jane Goodall, aliyefika Gombe mwaka 1960, alipenda kusema kwamba mwalimu wake wa kwanza kuhusu wanyama alikuwa mbwa wa utotoni, Rusty. Chotara wa kawaida, asiye na jina la sokoni.

Nimemwona mtandaoni, anauzwa Dar es Salaam. Nitume pesa?

Usitume pesa kwa picha. Omba video ya mtoto akiwa na mama yake, na jina lako litajwe ndani ya video hiyo. Asiachishwe kabla ya wiki 8. Uone kadi ya chanjo yenye muhuri na saini ya daktari wa mifugo. Mwombe ndugu aliye huko aende kwa macho yake, amwone mama: mama akiwa mwoga au mkali, watoto mara nyingi humfuata. Muuzaji anayetaka mkutane stendi tu, asiyetaka ufike kwake, ana anachoficha. Safari ya basi hadi Kigoma ni ndefu kwa mtoto wa wiki 8. Kama lazima, awe na mtu wa kumsindikiza, si kwenye buti.

Nikipata dume na jike, naweza kufanya biashara?

Ukiwa huna uwezo wa kupima nyonga, macho na moyo wa wazazi, usizalishe. Mhasi dume, jike afungwe kizazi, kwa wakati atakaokushauri daktari.

Ataishi miaka mingapi?

Kwa kawaida 12 hadi 15, wadogo zaidi ya wakubwa. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza siku mbwa anafika, mbwa atakuwapo hadi kidato cha sita. Na hapo katikati mtoto huyo huenda bweni. Kabla ya kumleta mbwa, mkubaliane ni nani mtu mzima atakayeshika lile chanuo kila jioni, na kama jibu ni "dada wa kazi", mwulizeni kwanza yeye.